Mama Korido Anavua Raba

Tarehe thelathini mwezi huu Mama Korido anastaafu, baada ya miaka thelathini na miwili ya kutembeza watu wasiotaka kutembea. Cheo chake rasmi ni mtaalamu wa fiziotherapia, wodi ya upasuaji wa kifua. Ukimwita hivyo, hugeuka kuangalia nani ameingia.

Wagonjwa wake wengi wana emfisema: mapafu yamevimba kama godoro lililonyeshewa, hewa huingia, kutoka ndiyo kazi. Wapo wanaowekewa vali ndogo za kuitoa hewa iliyokwama, kupitia kooni, bila kisu. Wapo wanaokatwa sehemu iliyoharibika ili iliyo nzima ipate nafasi. Wachache husubiri pafu la mtu mwingine. Madaktari huwachorea picha. Mama Korido huwaambia tu kwamba godoro bovu likitolewa chumbani, wenye nyumba watapata pa kukaa. Ila kabla ya kisu, kila mmoja hupita kwake: dakika sita za kutembea kwenye korido. Anayekwama mapema, daktari hamgusi.

Kinyozi mmoja alikwama mara mbili. Kifua chake hakikuwa kibovu kuliko vya wenzake, tatizo mdomo. Alimsalimia kila aliyepita, akaulizia watoto, akatoa maoni kuhusu kichwa cha daktari, na mlango wa pili ukamkuta hana pumzi. Bila upasuaji asingesimama tena nyuma ya kiti chake. Mkewe alishaanza kulia kimyakimya.

Jaribio la tatu lilikuwa la mwisho. Mama Korido alimpiga marufuku kufungua mdomo, akamfuata nyuma akiongea yeye. Alisema vinyozi wa siku hizi hawawezi kunyoosha mstari, kazi yote inafanywa na mashine, na kwamba shemeji yake ananyoa vizuri zaidi kwa mkasi wa jikoni. Kinyozi akavimba, akaongeza mwendo. Dakika sita zikaisha bado anatembea, amenuna.

Siku chache baada ya upasuaji, mirija ingali kifuani, kinyozi alimwita Mama Korido kitandani. Sisi wa wodini tukajua anataka kushukuru.

“Huyo shemeji yako na mkasi wake wa jikoni mlete hapa nimwone anavyoshika kichwa cha mtu.”

Yote kwa pumzi moja. Mkewe akalia tena, safari hii kwa sauti.

Kinyozi atakuja kwenye hafla ya kuaga, na bado anamuulizia shemeji. Mama Korido hajawahi kuwa na shemeji. Tafadhali asiambiwe.

Asante, Mama Korido, kwa kila pumzi uliyoidai hadi ikapatikana. Tunakutakia maisha mema, na matembezi ya taratibu. Safari hii hakuna anayekuangalizia saa.