Fundi Omu na Spika Nilizochagua Bila Kuzigeuza

Leo ni Alhamisi, tarehe 27 Novemba, na ninaahidi kusema yote, hata yale ambayo mama yangu angependa niyapunguze.

Jumamosi hii, tarehe 29, fundi wa sauti wa duka letu anastaafu baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne ya kazi. Wateja wanamwita Fundi Omu. Wengi hawajui jina lake jingine, na wapo wanaodhani Omu ni jina la ukoo, kwa hiyo humsalimia mkewe sokoni kwa kumwita Mama Omu. Mkewe huitikia. Anasema ameshachoka kueleza.

Nieleze pia kwa nini wasifu huu unaandikwa na mwanafunzi wa kidato cha pili. Mama yangu ndiye keshia wa duka, na likizo mbili zilizopita nilizimaliza nikiwa na Fundi katika chumba cha kusikilizia. Meneja alianza kwa kumwomba mtunza stoo aandike. Akaandika hivi: "Alikuja mapema, aliondoka mwisho, hakupoteza bisibisi." Yote ni kweli, ila ukurasa ulibaki mtupu chini. Meneja akanigeukia mimi. "Andika wewe," alisema. "Sisi tumefanya naye kazi, lakini wewe ndiye uliyemsikiliza."

Fundi aliajiriwa kubeba maboksi. Katika mwaka wake wa pili alimfuata mteja hadi nje, akamshika mkono kwa adabu na kumwambia kwamba spika alizonunua leo na amplifaya aliyonunua jana hazitakaa nyumba moja. Mteja alicheka akaondoka. Meneja wa wakati ule hakucheka, kwa sababu mbeba maboksi hakuajiriwa kuwazuia watu kununua. Barua ya kumwachisha kazi ilikuwa imeshaandikwa, imebaki sahihi tu, mteja yuleyule aliporudi na amplifaya ndani ya mfuko. Duka zima likanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Barua ikachanwa, na Fundi akapewa chumba kile cha nyuma chenye kochi, mazulia mawili na mapazia mazito, awe anazungumza na wateja kabla hawajalipa.

Humo ndimo alimotunga swali lake. Mtu akija kutaka kuboresha sinema yake ya nyumbani, awe waziri au mwanafunzi, Fundi humwuliza, "Spika zako zina omu ngapi?" Wengi hujibu kwa kutaja wati, kama mtu aliyeulizwa umri akataja urefu.

Mimi pia nilijibu wati siku ya kwanza. Fundi hakunicheka. Alinieleza kwamba omu ni kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme. Spika ya omu nane huzuia zaidi, ya omu nne huzuia kidogo, na kwa sababu huzuia kidogo, huvuta umeme mwingi kutoka kwenye amplifaya. Amplifaya isiyotengenezwa kwa kazi hiyo hupata joto, na sauti ikipandishwa hujizima, au huungua. "Spika ya omu nne ni mgeni mwenye hamu ya chakula," alisema. "Si mtu mbaya. Ila kabla hujamkaribisha, kaangalie sufuria ya mwenyeji." Kisha akanipa kanuni ya chumba chake: geuza kwanza, ndipo usikilize. Maana yake ni kwamba kila kifaa kigeuzwe, yasomwe maandishi ya mgongoni, kabla masikio hayajaanza kukipenda.

Wateja aliowaponya ni wengi, nami nitawataja wawili tu.

Wa kwanza ni daktari wa meno aliyenunua spika kubwa kuliko friji yake na kuziunganisha na amplifaya ndogo aliyokuwa nayo tangu chuoni. Aliunguza spika ndogo za sauti nyembamba zilizomo ndani yake mara tatu, na kila mara alilalamika kwamba duka linamuuzia vitu dhaifu. Hakuelewa inakuwaje amplifaya yenye nguvu kidogo iunguze spika yenye nguvu nyingi. Fundi alimkalisha kwenye kochi. "Daktari," alisema, "mgonjwa wako akizidiwa na maumivu, anaimba?" Daktari akasema hapana, anapiga kelele. "Basi na hiyo amplifaya imezidiwa. Inapiga kelele, na kelele hizo ndizo zinazounguza spika. Wewe unadhani ni muziki, unaongeza tena." Daktari akauliza kama kuna ganzi ya amplifaya. Fundi akamwambia ipo, inaitwa kupunguza sauti, lakini wagonjwa wengi hawaitaki. Siku ile daktari aliondoka na amplifaya inayolingana na spika zake, na hajarudi kulalamika tena. Anarudi kusalimia, na huangalia meno ya kila mtu bila kuombwa.

Wa pili ni bibi mmoja mwenye wajukuu saba. Alikuja na orodha ya vifaa vya bei kubwa kwa sababu hakuwa akisikia maneno ya waigizaji, anasikia milipuko tu. Fundi aliomba kwanza aione sebule yake. Alivua viatu, akaipima kwa hatua kama kawaida yake, akafungua kabati la vyombo, akaikuta spika ya katikati, ile inayotoa maneno, imefungiwa humo nyuma ya birika kwa sababu bibi aliona haipendezi. "Bibi, umemfungia msemaji ndani, halafu unalalamika haongei," alimwambia. Aliitoa, akaielekeza usawa wa masikio, akarudi dukani bila kuuza hata waya. Meneja alivimba mashavu siku mbili. Siku ya tatu bibi alifika na wenzake sita wa kikundi chao, kila mmoja akitaka fundi anayevua viatu, na mashavu ya Meneja yakarudi mahali pake.

Siwezi kumaliza habari za chumba kile bila kutaja kanda. Fundi hajaribu spika kwa muziki, kwa sababu anasema muziki mzuri unasitiri aibu ya spika mbaya. Anatumia kanda aliyomrekodi mkewe kwa siri miaka mingi iliyopita, akikatakata vitunguu huku akimsema kuhusu nyaya zilizotapakaa jikoni. "Baba watoto, hii ni nyumba au ni stesheni ya redio? Leo nimekuta koleo ndani ya sufuria ya ugali." Kabla ya neno la kwanza mkewe huvuta pumzi. Spika ya kawaida hutoa kisu na maneno. Spika bora hutoa kisu, maneno, na ile pumzi. "Usipoisikia pumzi," Fundi huwaambia wateja, "huwezi kujua kwamba bado ananipenda."

Sasa nifike kwenye yale niliyoahidi.

Wafanyakazi walikubaliana kumpa Fundi zawadi ya spika mpya za nyumbani kwake, kwa kuwa anazosikiliza hadi leo amezitengeneza mwenyewe kutokana na mabaki ya spika tofauti, na moja ni ndefu kuliko mwenzake. Waliniomba mimi nichague. Dereva wa duka alisema, "Huyu amefundishwa na Fundi mwenyewe, hawezi kukosea." Nilifurahi sana, na nadhani furaha ndiyo iliyoniponza.

Nilijaribu jozi nne katika chumba cha kusikilizia, kwa kutumia kanda. Jozi ya nne, zenye mbao nyekundu, zilipoanza, sikusikia pumzi tu. Nilisikia na kitunguu kikichubuka, na nyuma kabisa, mbali, nilisikia mtu akicheka polepole. Ilikuwa sauti ya Fundi, akiwa kijana, ameshika mashine ya kurekodia nyuma ya mlango. Katika likizo zote mbili sikuwahi kumsikia mle. Nililia kidogo. Kisha nikasema ndizo hizi, zikafungwa kwa karatasi ya zawadi, na mtunza stoo akafunga utepe.

Sikuzigeuza.

Jana jioni mama alinikumbusha nikaulize habari za amplifaya ya Fundi. Nikampigia mkewe, naye akanitumia picha ya mgongo wa amplifaya. Imeandikwa wazi: omu sita hadi kumi na sita. Nikakimbilia stoo, nikafungua karatasi pembeni bila kuharibu utepe, nikasoma mgongo wa spika. Omu nne. Zilisikika vizuri dukani kwa sababu amplifaya ya chumba cha kusikilizia ni kubwa na inabeba chochote. Mwalimu wa swali moja kwa karibu miaka thelathini alikuwa karibu kupewa na wanafunzi wake spika ambazo mteja yeyote angezuiwa mlangoni asiondoke nazo.

Asubuhi hii kilifanyika kikao kifupi kaunta. Dereva alisema Fundi azisikilize taratibu tu, hazitaleta madhara. Mtunza stoo akamwuliza, "Wewe umewahi kumwona Fundi anatazama filamu za manowari taratibu?" Dereva akakiri kwamba hajawahi. Meneja alipendekeza tumnunulie na amplifaya mpya inayoziweza. Nilimpigia tena mkewe kuuliza. Alivuta pumzi, niliisikia hata kwenye simu, akasema, "Mwanangu, ile aliiokota imekufa, akalala nayo mezani wiki tatu mpaka ikafufuka. Mkiitoa mimi ndiye nitakayembembeleza, si ninyi." Lakini baada ya hapo akasema pia kwamba siku hizi inavuma, na kwamba Fundi anajifanya hasikii.

Zipo stoo spika nyingine, za omu nane. Hizo nilizigeuza kwanza. Zinapatana na amplifaya ya zamani bila shida yoyote. Pumzi inasikika. Kicheko hakisikiki.

Kwa desturi ya duka letu, anayestaafu hupewa wasifu wake siku mbili kabla ya sherehe, asahihishe tarehe. Kwa hiyo Fundi atakuwa wa kwanza kusoma haya, na zawadi yetu si siri tena. Nilimwomba Meneja radhi kwa hilo. Alisoma yote, akasema niyaache kama yalivyo, maana afadhali Fundi ajue leo kuliko apate joto sebuleni kwake Jumamosi. Alitaka tu nikumbuke kwamba gari la kurudisha mizigo kwa msambazaji linaondoka kesho Ijumaa saa nane mchana, na baada ya hapo spika za mbao nyekundu zitabaki zetu.

Fundi, sasa ninakugeukia wewe. Kwa niaba ya Meneja, mama yangu, mtunza stoo, Dereva, daktari wa meno, bibi na wenzake sita, asante kwa kila mgongo uliousoma kwa ajili yetu. Tunakuombea mapumziko marefu, afya, na masikio yasiyochoka. Kosa la spika ni langu, lisiandikwe kwenye miaka yako. Uchague za mbao nyekundu na amplifaya mpya, au za omu nane na amplifaya yako ya zamani, ningependa kuja kuziunganisha mwenyewe huku ukinitazama, ili unione nikizigeuza.

Tarehe zako zisahihishe taratibu. Jibu hili tu ndilo ninaloliomba kabla ya saa nane kesho, upitishe kwa mama yangu kaunta: amplifaya yako nayo inastaafu Jumamosi, au inaendelea na kazi?