Mama Mbelu na Maua ya Kichuguu

Ndugu, majirani na wakristo wenzetu mliokuja kusimama nasi kwenye vumbi hili nyuma ya gare, kituo cha treni, asanteni. Tunamsindikiza Mama Mbelu Kanku Véronique. Mimi ni Agnès, binti yake wa kwanza, na familia imenipa kazi ya kusimulia maisha yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Februari 1951 katika kambi ya wafanyakazi ya Musonoi, hapa Kolwezi. Baba yake, Tata Kanku, aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Hiyo Kasai yenyewe Mama aliijua kwa hadithi za nyumbani tu.

Alisoma shule ya msingi kwa masista kuanzia 1957 hadi 1963, halafu akajifunza kushona. Tusimsifu kwa uongo kwa sababu amelala: hesabu zilimshinda, na kila zilipoanza alikimbilia bustanini. Huko sista mmoja alimpa kipande cha mzizi wa ua liitwalo bleuet. Si ile ya msimu mmoja, bali ile ya kudumu, inayolala chini ya udongo na kuamka yenyewe. Ua lake ni la buluu kama buluu ya kufulia mashati, na ncha zake zimechanika-chanika. Mama alisema panya alionja akaacha.

Tarehe 1 Agosti 1970 alifunga ndoa na Tata Mulumba Pierre, fundi umeme wa kampuni ya migodi. Mungu aliwapa watoto watatu: mimi, Kalala, na Mushiya, kitinda mimba, aliyezaliwa 1987. Mama alishona sare za shule, lakini moyo wake ulikuwa mbele ya nyumba, kwenye bleuet. Udongo wetu mwekundu haziupendi, kwa hiyo aliuchanganya na udongo wa kichuguu cha mchwa. Maua ya kwanza yakinyauka alikata mashina hadi chini, nazo zikachanua tena. Baba alilalamika kwamba nyanya zimekosa nafasi na kwamba siku moja tutakula buluu. Mama hakuuza hata shina moja. Aligawa mizizi kwa kila aliyeomba, kwa kuwa bleuet isipogawanywa hufa katikati. Mama Bilonda, jirani yetu, mwenyeji wa hapa Katanga, alipata ya kwanza.

Kisha kampuni ikaanguka, na watu wakaambiwa kwamba wenye kuleta njaa ni sisi, wa Kasai. Mwezi wa tatu 1993 tulitolewa nyumbani kwa mawe, tukaja kukaa hapa gare kungoja treni ambayo haikuja. Mvua ilitupiga, halafu surua ikaingia kwa watoto. Majirani walikatazwa hata kutusalimu. Mama Bilonda alikuja mchana kweupe, beseni la bati kichwani, ndani yake mizizi yote ya bleuet.

“Mi sikuweza kuiacha kule, Mama Mbelu. Banaanza kuing'oa.”

Tarehe 11 Aprili 1993 Mushiya alifariki. Tulimzika kwenye kichuguu hiki, upande wa reli, kwa sababu mvua ilikuwa imelainisha udongo wake na makaburini hatukuruhusiwa kwenda. Sanduku halikuwepo. Mama alimfunika uso kwa lile beseni, udongo usimwangukie machoni, akapanda mzizi juu yake. Mama wengine waliofiwa wakaja kuomba. Naye akagawa, kama alivyozoea, kila mtoto mzizi wake. Hakuweka jiwe wala msalaba. Aliamini ua lenyewe litakuwa alama. Yeye aliyezilea miaka yote hiyo, uchungu ulimsahaulisha kwamba bleuet haikai ilipopandwa.

Hatimaye treni ilikuja, ikatupeleka Mwene-Ditu, huko Kasai, ambako Baba alifariki mwaka 1998. Mama aliishi huko na neno moja: kurudi alale karibu na Mushiya. Mwaka 2004 tulirudi, Mama Bilonda akatupokea kwake. Mama alifika hapa akakuta kichuguu chote kimekuwa buluu. Mashina yalikuwa yameshikana chini kwa chini, na hakuna aliyeweza kusema shina lipi ni la mtoto wa nani. Alikaa chini akalia. Halafu akashika jembe, akawalea wote.

Yaliyofuata nayasema kama nilivyoyaona. Nyasi za pembeni zikiungua kiangazi, moto uliishia ukingoni mwa maua. Siku zisizo na upepo yalitikisika kuanzia upande mmoja hadi mwingine, kama watoto wanaopishana mlangoni. Niliogopa kuja peke yangu. Mama hakuogopa, aliwasalimu akaanza kupalilia.

Mwaka jana kisukari kilimlemea na miguu ikavimba. Mwezi wa tano mwaka huu aliniomba nimlete. Nyuma ya kichuguu, upande wa barabara, ambako hakuna aliyewahi kuzika, lilikuwa limeota shina moja, limechanua katika udongo mkavu.

“Agnès, batoto beko banasogea,” aliniambia. “Banafanya nafasi yangu.”

Nilimkemea kwamba ni mizizi tu, mizizi hutembea. Alicheka, akasema ndiyo, hutembea. Alifariki Jumatatu tarehe 3 Juni 2019, saa kumi jioni, mkono wake mkononi mwa Mama Bilonda.

Alhamisi wachimbaji walianza kaburi hili hapa aliponionyesha, upande wa barabara. Walipofika kiunoni, jembe liligonga bati kwenye ukuta wa shimo. Lilikuwa beseni, limelala kifudifudi. Wakatuita. Mama Bilonda alilitambua kabla yangu, kwa kiraka cha risasi ya kulehemu alichokitia mumewe. Alinyoosha kidole upande wa reli.

“Mi nilikuwaka pale,” alisema. “Tulimuzikaka upande ya reli.”

Hatukuligusa. Tuliwaambia wachimbaji waendelee taratibu, na leo tunamlaza Mama ubavuni mwa Mushiya, kama alivyoomba.

Marehemu ameacha watoto wawili, Agnès na Kalala, wajukuu, wakwe, na dada yake wa moyo, Mama Bilonda. Baada ya ibada Mama Bilonda atagawa mizizi kwa kila atakayetaka.

Mama, umempata. Lala naye kwa amani.