Sista Apolinaria na Kopo la Mahindi

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuhudumia wagonjwa, Sista Apolinaria Kasimiri anastaafu rasmi Juni 30, 2025. Wodi nzima tumenuna, yeye anacheka tu.

Alizaliwa Lusu, Nzega, akasomea uuguzi hapa Tabora, na hajawahi kuomba uhamisho. Sauti yake ikisikika mlangoni, hata daktari bingwa huficha chapati aliyokuwa anaila wodini.

Lakini mkali huyohuyo ndiye kipenzi cha wenye ugonjwa sugu wa utumbo mpana, ule unaotulia miezi kisha ukalipuka kwa kuhara damu. Wengi walifika wameshakunywa dawa za amiba mpaka basi, na aibu ya kutaja choo mbele ya wakwe iliwafanya wachelewe.

Ndipo akabuni kopo. Ukienda msalani, tumbukiza punje ya hindi. Ukiona damu, tumbukiza harage. Asubuhi mwaga, anza upya. Maharage yakizidi vidole vya mkono mmoja kwa siku, njoo hospitali, usingoje kuaga.

Irambona wa Ulyankulu, aliyekuwa ameolewa majuzi tu, alijaza konzi ya maharage siku moja akanyamaza, akimwonea haya mama mkwe wake, Bi Stela. Bi Stela akalikuta kopo uvunguni, akadhani binti anaficha chakula, akalimimina lote kwenye chungu cha makande! Alipoanza kumwita mchoyo, Irambona akaangua kilio, akasema kila harage moja ni damu. Jamani! Bi Stela aliacha chungu motoni, akakodi bodaboda hadi stendi. Jioni walikuwa wodini kwetu, binti anaungua homa, mapigo yanakwenda mbio, na daktari wa upasuaji ameshaitwa.

Sista Apolinaria alimtundikia dripu na dawa ya kutuliza uvimbe, akagoma kwenda nyumbani mpaka damu ilipopungua. Kisu hakikuhitajika. Kisha akawakalisha wote wawili na kuwaambia kwamba vidonge vya kutuliza uvimbe atakavyoendelea navyo nyumbani hupunguzwa kidogo kidogo, kwa maelekezo ya daktari. Kupata nafuu si ruhusa ya kuvitupa. Makande yaliungua, mkwe akapona.

Wiki iliyopita Bi Stela alikuja kumuaga na chungu cha makande, safari hii hayakuungua. Kopo nalo alilileta. Sista alichungulia ndani, akaona punje mbili za mahindi, harage hata moja hakuna. Akalia mbele yetu sote, na sisi tukamsaidia.

Asante sana, dada yetu. Mungu akupe uzee wenye afya na raha tele. Nenda kapumzike Lusu. Makopo tutayachungulia sisi.