Shule ya Nyuma ya Kanisa

Sista alikaa dirishani ndani ya basi, akiomba lichelewe kidogo, maana kesho ndiyo siku ya kufungua shule, na mwalimu wa pili alikuwa bado hajatoa jibu. Mama mmoja mfua nguo, vidole vimesinyaa kwa maji ya sabuni, akaketi kando yake.

"Tumsifu Yesu Kristo, sista. Wewe ndiye wa ile shule mpya nyuma ya kanisa?"

"Milele amina. Ndiye mimi, mama."

"Mwanangu nimeshamtoa kule alikokuwa, na nafasi yake imechukuliwa. Zahanati yenu ya parokia nayo ilifunguliwa kwa mbwembwe, leo wanalala popo humo. Nanyi mkifunga, nimpeleke wapi?"

Sista alitaka kusema hawatafunga. Lakini parokia haikuwa imemhakikishia zaidi ya muhula mmoja.

"Sijui, mama," akasema, uso ukimwaka kwa aibu. "Ninachojua, kesho asubuhi nitakuwa mlangoni nikimngoja mwanao."

Abiria wa kiti cha nyuma, ambaye hakuna aliyemuuliza kitu, akaguna.

"Na kesho kutwa?" mama akauliza.

Basi likasimama. Hapo ndipo mama alipopaswa kushuka, lakini hakuinuka; alimtazama sista, akingoja jibu.