Mashine Iliyompasisha Jilala

Kijiwe chetu kiko mbele ya duka la dawa la Harish, hapa Shinyanga mjini, na mimi ndiye ninayemimina kahawa. Wiki hii hainyweki. Mwenzetu Jilala, aliyepata kazi mgodini upande wa Geita, aliinama kuinua pampu huko chini, akashindwa kusimama. Sasa kalazwa hospitali hapa mjini, miguu haina habari. Kinachotukata maini ni kwamba alipimwa nguvu kabla ya kuajiriwa. Alinyanyua kreti la mawe mpaka kifuani, mashine ikisoma nguvu zake, wakasema kazi hii haitamuumiza.

— Mashine yao mbovu! alisema Marwa, tunayemwita Skana kwa kujidai anaona mpaka ndani ya mtu. Imetoka Ulaya ile, inajua migongo ya Wazungu tu.

— Acha hizo, alijibu Mwigulu, mpakiaji wa pamba, Winchi kwa jina la kijiweni. Walipima mikono. Mgongo hawakuugusa.

— Sikiliza, ng'wanawane, ndugu yangu. Kreti alinyanyulia huku juu, kwenye upepo. Kule chini kilo moja inakuwa tatu. Ardhi inavuta!

— Tatu?

— Nne, ukikaribia dhahabu. Dhahabu haitaki kusumbuliwa, inamshika mtu kiuno.

Siku nyingine tungecheka. Harish akaweka kikombe chini.

— Mashine haina kosa. Ilipima vidonge vya maumivu ulivyompa, Marwa, na kile kitenge ulichomkaza kiunoni ndani ya shati, Mwigulu.

— Vidonge si uliniuzia wewe?

— Ndiyo. Niliuza mimi.

Ndivyo ilivyokuwa. Msimu uliopita Jilala aliteleza juu ya lori la pamba, akaangukia kiuno. Hakumwambia mkewe, akawa anakuja kukandwa hapa benchini. Muuguzi wa mgodi alipomuuliza kama amewahi kuumia mgongo, alikana, kama tulivyomfundisha. Tulimpenda, tukataka apate kazi.

Mara akatokea Nyamizi, mkewe, mimba yake kubwa, chupa ya uji mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, shemeji. Mgonjwa anaendeleaje?

— Vilevile. Hasemi, anaangalia ukuta tu. Daktari ananiuliza mgongo ulianza kumuuma lini. Anasema akilijua hilo ndiyo atajua pa kuanzia. Nyie mlishinda naye. Ulianza lini?

Skana akanitazama. Mimi nikatazama birika. Tukisema kweli, Jilala atatibiwa inavyotakiwa, lakini mgodi utasema alidanganya na fidia itaota mbawa. Mtoto naye yuko njiani.

— Ulianzia kazini, shemeji, Winchi akasema taratibu. Kabla ya hapo alikuwa mzima kabisa.

— Basi nitamwambia hivyohivyo. Asanteni, kaka zangu. Afadhali nyie mliokuwa mnamjua.

Akavuka barabara haraka, amuwahi daktari. Tulimsindikiza kwa macho mpaka akakata kona, na hakuna aliyemwita.