Bi Mkato na Hadithi Aliyoizuia

Marehemu shangazi yetu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1946, kitindamimba wa fundi saa na mkunga. Tangu utotoni maneno yake yalikuwa haba. Mama yake alizoea kulalamika, "Huyu ukimtuma salamu, anafikisha nusu."

Baada ya shule alisomea uhazili, na mwaka 1966 akaajiriwa hospitalini kupiga taipu taarifa za vifo. Katika chumba kile, ambacho dirisha lake lilitazama ukuta, alijifunza kwamba mtu mzima na mambo yake yote huenea katika mistari minne. Jioni, nyumbani, akaanza kuandika yale yasiyoenea. Hadithi zake zilitoka magazetini, fupi mno, na wasomaji wakambandika jina: Bi Mkato.

Mwaka 1971 aliolewa na fundi umeme, wakajaliwa binti. "Nilioa mke mmoja," mumewe husema, "nikaletewa wafiwa wa mji mzima."

Mwaka 1978 mtoto wa jirani yao, mama mshona nguo, alizama katika shimo la msingi ambalo wajenzi waliliacha wazi likajaa maji ya mvua. Marehemu akaandika "Kandambili Moja". Ilisomwa redioni, ikasifiwa kila kona. Kesho yake jirani akabisha hodi, futi ya kupimia ingali shingoni.

"Dada, mimi nililia ndani kwangu," alisema. "Wewe umelia hadharani, ukapigiwa makofi."

 Wachapishaji walipokuja kutaka kitabu, marehemu aliwakatalia hadithi ile. Nao hawakutaka kitabu bila hiyo, wakaenda zao. Kati ya nyumba zile mbili hata salamu zilikufa. Miaka ikapita, anaandika na kuchana.

Mwaka 1994 jirani alirudi, sasa mjane.

"Baba yake amekufa. Wadogo zake hawamkumbuki. Nikifa na mimi, itakuwa kama sikumzaa. Itoe, dada." Alipofika mlangoni akageuka. "Ila ulikosea. Kandambili haikuwa nyekundu. Ilikuwa ya kijani."

Marehemu alibadili neno hilo moja tu. Kitabu kikatoka, na hadi leo kinasomwa madarasani. Walimu wanasema ukifika ukurasa wa mwisho wa hadithi ile, hakuna mwanafunzi anayekohoa.

Saratani ya koo ilimwanza mwaka 2017. Ilichukua sauti kwanza, kisha chakula. Aliteseka, na hatutayapamba mateso yale, maana yeye mwenyewe angefuta mapambo hayo. Jirani alikuja kila asubuhi kumwosha na kumgeuza. Alifariki tarehe 3 Juni 2019, jirani huyo akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, binti, wajukuu wawili na sisi watoto wa kaka zake. Tulipokuwa tukipanga viti vya leo, tulimuuliza jirani angependa kukaa wapi.

"Kwa wafiwa," alijibu. "Hapa ndipo pangu, tena mara ya tatu: mwanangu, baba yake, sasa dada."

Lala, shangazi. Udongo ukupokee taratibu.