Mwalimu Mapenzi, Aliyeomba Kugeuzwa

Mpendwa wetu Mapenzi Janet Mung'aro alizaliwa tarehe 9 Agosti 1963 huko Ribe, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Jefwa na marehemu Mama Sidi. Anayesoma maneno haya ni mdogo wake, Katana. Familia iliombwa wasifu huu uwe mfupi na wa kutuliza. Utakuwa mfupi.

Alisoma Ribe, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1981, kisha akaingia mafunzo ya uuguzi hapa Mombasa. Baba yetu alitaka awe karani, maana hakupenda binti yake aoshe watu asiowajua. Mapenzi alimjibu kwa adabu kwamba mtu asiyejiweza ama ataoshwa na mtu, ama hataoshwa. Baba akamtafutia nauli.

Alihudumu katika wadi za hospitali kwa miaka mingi. Mwaka wa 1998 alianza kufundisha misingi ya uuguzi katika chuo kimoja hapa kisiwani, hadi alipostaafu mwaka wa 2023. Wengi wenu mliokuja na sare leo mmepita mikononi mwake. Mnakumbuka kwamba hakuanza na dawa wala sindano. Alianza na kunawa mikono. Akafundisha kuhesabu pumzi za mgonjwa bila kumwambia, maana akijua atabadilisha anavyopumua. Kisha akamlaza mwanafunzi mmoja chali kwenye kitanda cha mazoezi, juu ya shuka iliyokunjamana makusudi, akamkataza kujisogeza hadi somo liishe. Mwaka mmoja mwanafunzi huyo alikuwa Lamis, aliyeongoza darasa. Lamis alianza kwa kucheka, akamaliza akilia. Mwalimu alimsaidia kuketi, akawaonyesha wenzake wekundu kwenye visigino vyake, akawaeleza kwamba hapo damu ilikuwa imebanwa kati ya mfupa na godoro. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza, alisema, msipomgeuza ataoza akiwa hai.

Mwaka wa 1989 alifunga ndoa na Bwana Kingi Mung'aro, fundi wa mitambo bandarini, ambaye dada alimuuguza wadi alipovunjika mguu. Shemeji husimulia kwamba siku alipojikaza akamwambia anataka kumposa, aliambiwa anawe mikono kwanza, uji umefika. Jibu alilipata baada ya uji. Walijaliwa watoto wawili, Cynthia na Elvis, wakawalea Bondeni.

Tarehe 21 Januari mwaka huu wa 2025, dada aliteleza kwenye ngazi za nyumbani, akavunjika nyonga. Alipelekwa hospitali moja ya binafsi, ambayo wakili ametushauri tusiitaje. Upasuaji ulifanikiwa, na hilo tunalisema wazi. Nyonga siyo iliyomuua dada yetu.

Wadi aliyolazwa ilijaa, na kila zamu ilikuwa na muuguzi mmoja, kwa kuwa wenye hospitali waliona wawili ni hasara. Mapenzi hakuweza kujigeuza. Aliomba ageuzwe. Aliomba shuka iliyolowa ibadilishwe. Aliwaambia kwamba kitako kinamuwaka moto, akawaeleza kinachotokea chini ya ngozi. Cynthia alipotaka kumgeuza mwenyewe, aliambiwa jamaa haruhusiwi kumgusa mtu aliyepasuliwa, na muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha akatolewa nje. Mchana mmoja msimamizi wa wadi alikuja kitandani, Cynthia akiwepo.

"Mwalimu," akasema, "sasa wewe ni mgonjwa. Tuachie kazi yetu."

"Kazi yenyewe ndiyo mimi," dada alimjibu.

Msimamizi huyo alikuwa Lamis.

Kidonda kilifunguka, kikachimba hadi mfupani, sumu ikaingia kwenye damu. Tulimhamisha, lakini tulikuwa tumechelewa. Alifariki Jumapili, tarehe 2 Machi 2025. Hospitali ile iliomba tuandike kwamba aliugua kwa muda mfupi. Hatukuandika. Dada hakuugua. Aliachwa.

Lamis alikuja nyumbani Bondeni wiki hii. Alisema aliomba muuguzi wa pili mara nyingi, akaambiwa ashukuru kuwa ana kazi. Yuko tayari kuyasema hayo mbele ya uchunguzi wowote, hata akifukuzwa. Shemeji Kingi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia, "Mwanangu, ungemgeuza kwanza, halafu ndiyo ukalalamike." Lamis alikubali kwa kichwa. Mlangoni aligeuka, akaomba jina lake lisomwe hapa, lisifichwe. Tumelisoma. Majina ya wakurugenzi wa hospitali bado hatujaruhusiwa kuyasoma, na shada la maua walilolituma tumeliacha nje ya lango. Wakitaka walifuate.

Mtuwie radhi, mliokuja kusikia maneno laini. Dada mwenyewe alikuwa mpole nyumbani, lakini mbele ya mgonjwa aliyepuuzwa hakuna aliyewahi kumwona mpole. Hasira hii ni yake. Sisi tumeibeba tu hadi hapa.

Ameacha mume, Bwana Kingi Mung'aro. Watoto, Cynthia na Elvis. Mdogo wake Katana. Jirani yake Bi Fadhiya, aliyempelekea hospitalini kila siku uji ambao mara nyingi ulirudi haujaguswa, kwa kuwa hakukuwa na wa kumnywesha. Pamoja na wanafunzi wengi waliotapakaa pwani yote.

Cynthia yuko mwaka wa pili wa uuguzi. Wiki iliyopita alisema anaacha. Jana alipiga pasi sare yake, na hakuna aliyemuuliza neno.

Mungu ampe Mapenzi pumziko jema, lenye amani. Na ninyi mnaoingia zamu jioni hii, familia inawashukuru kwa kuja. Msisubiri chai. Nendeni, kuna mtu amelalia ubavu mmoja tangu asubuhi.